Mkono wa Mzee Lifti

Jina alilopewa na wazazi wake lipo, lakini pale mtaani hulitumia mtu mmoja tu, mkewe, na hulitumia akiwa amekasirika. Wengine wote humwita Mzee Lifti, kwa sababu kwa miaka thelathini na minane alitengeneza lifti za mji mzima, kuanzia zile za zamani zenye milango ya vyuma vya kukunja mpaka hizi za siku hizi zinazokusemesha kabla hujaziuliza kitu. Na yeye mwenyewe, usicheke, anakaa ghorofa ya tatu katika jengo lisilo na lifti. Kila akipanda ngazi na mfuko wa viazi hakosekani mtu wa kumuuliza atawaletea lini, na kila mara hujibu kwamba iko njiani, imekwama ghorofa ya pili.

Jengo lenyewe lina ghorofa nne za watu, na chini kabisa, barabarani, kuna kinyozi, duka la dawa, na kuanzia katikati mpaka kwenye kona, ukumbi wa muziki. Zamani pale palikuwa ghala la samani. Ghala lilipofungwa ile kona ikawa giza totoro, taa zilivunjwa, na wanawake waliotoka kazini jioni walizunguka barabara nzima ya pili ili wasipite hapo. Kisha akaja mwanamke mmoja mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita watu kutoka mbali, akapaka kuta rangi, akatundika taa na akaleta bendi. Watu wakamwita Mama Ukumbi. Kona ikawa na mwanga, wanawake wakarudi kuipita, na mabinti wawili wa jengo hilo hilo wakapata kazi ya kuosha glasi na kupokea makoti. Tatizo likawa moja tu, nalo si dogo: walio juu walitaka kulala.

Vita ya mwaka ule wa kwanza bado inasimuliwa. Walio juu walimwaga maji madirishani juu ya vichwa vya wateja. Wateja nao, wakitoka, waliimba chini ya madirisha hayo hayo kwa makusudi. Mwalimu wa ghorofa ya kwanza aliamka alfajiri moja akakuta mtu amelala kwenye mkeka wake wa mlangoni, viatu vimepangwa vizuri pembeni kama yuko kwake. Malalamiko yalifika ofisi ya mji, na ofisi ikachoka nayo. Ikawaambia wakazi na mwenye ukumbi waelewane wenyewe. Kila mwaka wapeleke barua moja yenye sahihi ya mwakilishi wa wakazi, inayosema kwamba wanaishi pamoja kwa amani. Bila sahihi, hakuna kibali, na ukumbi unafungwa.

Wakakaa, wakabishana, wakaelewana. Muziki mwisho saa nne siku za kazi, na saa sita Ijumaa na Jumamosi. Chupa tupu zisimwagwe kwenye pipa mpaka asubuhi. Wateja watokee upande wa barabara kubwa, si upande wa ngazi. Lakini swali gumu lilikuwa la sauti: nani wa kusema kwamba sasa imezidi? Wakimwachia Mama Ukumbi, haitazidi kamwe. Wakiwaachia wakazi, kuna ambaye hata kinyozi akipuliza nywele kwenye mashine yake humwona anapiga kelele. Ndipo mwalimu akasema, si tunaye Mzee Lifti?

Kila mtu alijua habari za masikio ya Mzee Lifti. Enzi zake alikuwa anaweka ncha ya bisibisi kwenye mashine inayozunguka na mpini wake sikioni, anafumba macho, halafu anasema beringi ya kushoto ina wiki mbili. Na kweli, wiki mbili zikiisha inakufa. Hakuna aliyefikiri kwamba mtu aliyeishi miaka thelathini na minane ndani ya vyumba vya mitambo juu ya mapaa, huku mota zikimngurumia kichwani, pengine masikio yake yameshalipia kazi hiyo. Hata yeye hakufikiri. Wakati huo alikuwa amestaafu miezi minne, na hiyo miezi minne aliimaliza kwenye kiti kimoja akitazama ukuta. Walipokuja kumwomba alivaa shati la kola, akawasikiliza mpaka mwisho, akasema atajaribu. Mkewe aliyekuwa jikoni alijua kwamba leo mume wake amerudi nyumbani.

Basi ukaanza utaratibu ambao watu wa mitaa mingine huusikia wakadhani ni hadithi. Kila Ijumaa na Jumamosi, saa mbili na nusu usiku, Mzee Lifti hushuka na daftari lake na kukaa kwenye benchi ng'ambo ya barabara, linalotazamana na ukumbi. Anasikiliza. Kisha anapanda ngazi, ghorofa kwa ghorofa, anaweka kiganja cha mkono wa kulia kwenye ukuta wa kila kituo cha ngazi, anatulia, anashuka tena. Akiridhika anaandika neno moja tu, Sawa. Asiporidhika, anainua mkono ule ule juu ya kichwa. Bawabu akiuona anaingia ndani, na kabla mkono haujashuka muziki unakuwa umepungua. Mama Ukumbi alikula kiapo mbele ya wote kwamba mkono huo hataubishia, na kwa miaka sita hakuubishia hata mara moja. Wakazi nao waliahidi kwamba usipopanda, hawatamwaga maji. Watoto wa jengo wakigombana, utamsikia mmoja akimwambia mwenzake, mkono umepanda, yaani basi, yamekwisha.

Masikio yalianza kuondoka taratibu, bila kuaga. Kwanza ndege, kisha kengele ya mlango, kisha nusu ya maneno ya wajukuu kwenye simu. Mzee Lifti akajifanya hamnazo. Alijifunza kutazama midomo. Alijifunza kukaa upande wenye mwanga. Na kwa mambo aliyoyakosa kabisa alikuwa na jibu lake moja: hutikisa kichwa polepole na kusema, "Dunia hii!" Ni jibu la ajabu, linafaa msibani na harusini, linafaa bei ya sukari na habari za mkwe. Miaka mitatu lilimbeba.

Na kazi yake? Hapo ndipo alipojipa moyo. Kiganja kilikuwa hakijazeeka. Besi na ngoma huja kwa ukuta, na ukuta alikuwa anausoma kama alivyozoea kusoma mashine. Ijumaa kadhaa aliinua mkono bila kusikia chochote, kwa mtetemo peke yake, na kesho yake mwalimu alimshukuru kwenye ngazi. Kwa hiyo akajiambia kwamba hamdanganyi mtu. Anasikia kwa mkono, basi, kuna ubaya gani? Alichokiogopa ni siku watakayojua. Madaftari ya miaka sita yatakuwa karatasi za kufungia karanga, kila upande utasema ulionewa, maji yataanza kumwagwa tena, na yeye atarudishwa kwenye kile kiti cha kutazama ukuta. Hilo la kiti ndilo lililomkosesha usingizi, ingawa hakulisema.

Mwanzoni mwa mwaka akaja bwana mmoja mrefu, mpole, mwenye kisanduku cheusi. Kila Ijumaa alipopita mbele ya benchi alimwamkia mzee kwa adabu, mzee akamwitikia, na kwa ukubwa wa kile kisanduku akadhani ni fundi wa vyombo ambaye amebeba spana zake. Alifurahi hata moyoni kwamba ukumbi umepata fundi nadhifu.

Kumbe ndani mlikuwa na tarumbeta.

Sasa tarumbeta halitikisi ukuta. Linapita juu, kupitia vile vitundu vya hewa karibu na dari, linapanda na uwazi wa ngazi na kuingia vyumbani likiwa bichi, hasa ghorofa ya nne. Wakazi walilisikia tangu usiku wa kwanza. Wakaenda madirishani kutazama benchi. Mzee Lifti ameketi, daftari gotini, mkono umetulia. Akaandika Sawa, wakamwona akiandika.

Mtu wa mahali pengine angefungua dirisha akapiga kelele. Hawa walikuwa wamezoea kuuamini mkono ule kuliko walivyojiamini wao. Mwalimu alisema moyoni kwamba labda umri umemfanya mwepesi wa kukasirika, akanunua pamba ya masikioni, akanyamaza. Ghorofa ya pili, dereva wa lori alimwambia mkewe kwamba kama Mzee Lifti hakuinua mkono basi hakuna kelele, ni mishipa yake tu, na mkewe akamnunia wiki nzima. Hata Mama Ukumbi, kama ilivyokuja kujulikana, alihisi kwamba lile tarumbeta lina makali mno, lakini kila alipochungulia mlangoni na kuona mkono haujapanda alijiambia kwamba bila shaka wamelipenda. Wote walimsubiri mtu mmoja, na mtu huyo hakuwa anasikia. Miezi sita ikapita hivyo.

Aliyeumia zaidi ni Mama Cherehani wa ghorofa ya nne. Huyu ni mjane, fundi wa sare za shule, mwanamke mfupi asiyependa makuu, anayeamka saa kumi na moja alfajiri kukata vitambaa kabla jua halijapata nguvu. Anapenda kulala saa tatu. Mwaka huu hakulala. Aliweka mto juu ya kichwa, akahamisha kitanda, akafunga dirisha akakosa hewa. Na kwa kuwa mkono haukupanda, akakata shauri kwamba mgonjwa ni yeye.

Jumatano moja Mzee Lifti alikuwa amepanda kwenye stuli, anabadilisha balbu ya ngazi, Mama Cherehani akaja anapanda na bahasha kubwa ya hospitali. Mzee akashuka. Balbu ilikuwa imeshawaka, mwanga unampiga mama yule usoni, na midomo yake ilisomeka vizuri kama herufi za ubaoni. Ndiyo maana hakukosa hata neno moja, ingawa baadaye alitamani angekosa.

"Shikamoo mzee," alisema. "Natoka kwa daktari wa masikio."

"Marahaba mwanangu. Masikio yana nini?"

Akaeleza. Kwamba kila Ijumaa na Jumamosi tangu mwanzo wa mwaka anasikia tarumbeta kichwani. Kwamba alijua si kweli, maana kama lingekuwa la kweli yeye Mzee Lifti angeshainua mkono zamani. Kwamba leo alikaa kwenye foleni tangu alfajiri, akaingizwa kwenye kijumba kidogo, akavalishwa vitu masikioni na kuambiwa abonyeze kitufe kila akisikia mlio, naye akabonyeza mpaka daktari akashangaa. Daktari alimwambia masikio yake ni ya msichana, angetamani awe nayo yeye.

"Tarumbeta gani?" Mzee Lifti aliuliza.

"Si hilo ndilo nasema, mzee. Hakuna tarumbeta." Akaibana ile bahasha kifuani. "Masikio ni mazima, kwa hiyo ni kichwa. Wameniandikia nikamwone daktari mwingine, wa akili. Sijawaambia wanangu. Nafikiria nihamie kwa dada yangu kabla sijaanza kuokota makopo barabarani."

Alicheka kidogo ili mzee asimhurumie, akapanda zake.

Mzee Lifti alibaki pale chini ya balbu mpya. Kile kisanduku cheusi kilimjia, na yule bwana mpole, na ukubwa wa kisanduku, na umbo lake. Spana gani hubebwa hivyo? Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu alipokuwa mwanagenzi, siku alipoacha lifti ya hospitali imekwama na daktari ndani. Mwanamke mzima, mwenye akili zake timamu, amekubali kwamba ana wazimu ili yeye aendelee kuitwa msikilizaji.

Nyumbani alimkuta mkewe anachambua mchele. Huyu alikuwa mkunga maisha yake yote ya kazi, na uso wa mtu anayeficha maumivu anaujua akiwa bado mlangoni. Mzee alikaa, akasimama, akakaa tena. Mwishowe akasema kwamba ana jambo, na jambo lenyewe ni kwamba masikio yake, kwa kweli, si kama zamani.

Mkewe aliusogeza uteo pembeni. Akamgeukia kabisa, uso kwa uso, kama alivyozoea.

"Miaka mitatu nasema na wewe nikiwa nimekukabili hivi," alisema. "Ulidhani ni mahaba?"

"Ulijua?" mzee aliuliza.

"Baba watoto, redio ikiwashwa humu ndani kinyozi chini anajua habari kabla yetu. Nisijue?" Kisha akalainika. "Na mahaba pia yamo."

Mzee akamuuliza mbona hakusema. Mkewe alisogeza stuli yake karibu. Alisema alikumbuka ile miezi minne ya kutazama ukuta, na aliona jinsi anavyorudi kutoka kwenye lile benchi, anavyovua viatu huku anapiga mluzi ambao yeye mwenyewe hausikii, na hakuwa na moyo wa kumnyang'anya. Aliona kiganja kinafanya kazi, akaliacha. La tarumbeta hakulijua uzito wake. Chumba chao kinaangalia nyuma, na yeye akilala amelala. Mzee alipomsimulia habari za Mama Cherehani na daktari wa akili, mkewe aliweka mkono mdomoni.

"Basi utasema," alisema. "Na utasema mbele ya watu, maana ulivyokaa kimya ulikaa mbele ya watu."

Jumapili ya wiki ile ile ndiyo ilikuwa siku ya barua. Kila mwaka hukutana ukumbini kwenyewe, saa kumi alasiri, viti vya wateja vimepangwa mviringo, mwanga wa jua unaingia mlangoni na kuonyesha vumbi ambalo usiku halionekani. Kwa kawaida ni shughuli ya robo saa. Mzee Lifti anasoma daftari, anatia sahihi, Mama Ukumbi anatoa soda, watu wanaulizana habari za watoto. Barua ilikuwa mezani tayari, na kalamu juu yake.

Mzee Lifti alisimama na daftari halikufunguliwa. Alikuwa amevaa lile shati la kola. Alijaribu kuanza kwa utangulizi, akauacha njiani.

"Mimi sisikii," alisema. "Nina miaka mitatu sisikii. Nasikia kwa mkono, na mkono haujui tarumbeta. Kila mlichokisikia nyinyi kilikuwa kweli." Akamtafuta Mama Cherehani kwa macho mpaka akampata. "Mwanangu, wewe ni mzima. Asiye mzima ni mimi, na nilikuacha uteseke kwa sababu ya kiburi changu. Nisamehe."

Kimya kilichofuata kila mtu alikisikia sawasawa, yeye na wao. Kisha mwalimu, taratibu, akatia mkono mfukoni akatoa vipande viwili vya pamba na kuviweka mezani karibu na barua. Mke wa dereva alimgeukia mumewe, akamtazama tu, na dereva akaanza kuzitazama kamba za viatu vyake. Mtu mmoja wa nyuma akaanza kucheka, wa pili akafuata. Lakini hawakucheka wote. Mwalimu alikuwa amekasirika kweli, na alisema, pole pole ili midomo yake isomeke, kwamba miezi sita si mchezo, kwamba walimpa kitu kikubwa na yeye akakishika kwa mkono mmoja. Mzee Lifti alikubali yote. Hakutafuta pa kujifichia.

Mama Ukumbi alikuwa ameshika kichwa. Aliyaona madirisha, aliyaona maji, alikiona kibali chake kinayeyuka. Angeweza kusema kwamba daftari ni daftari, Sawa imeandikwa mara hamsini, watie sahihi. Hilo hakulisema, na watu wanalikumbuka mpaka leo. Alisema kwamba yeye masikio anayo, na alisikia, na badala ya kuuliza alichungulia mlangoni kutafuta mkono ambao ungemruhusu asijali. Kwa hiyo hata yeye ni kiziwi, tena wa kujitakia.

Baada ya hapo yalizungumzwa mengi, na soda zikanywewa kabla ya wakati wake. Wapo waliotaka tarumbeta lifukuzwe kabisa. Mama Cherehani ndiye aliyekataa. Alisema yeye hana ugomvi na tarumbeta, ana ugomvi na saa. Mtu apige mpaka saa tatu na kisha aliweke, na vile vitundu vya hewa vya upande wa ngazi vizibwe. Yule bwana mrefu, ambaye muda wote alikuwa amekaa pembeni na kisanduku chake miguuni kama mshtakiwa, alisema saa tatu inamfaa, hata yeye ana watoto wa kwenda kuwalaza.

Ikabaki habari ya msikilizaji. Mzee Lifti alilisukuma daftari katikati ya meza na kusema wamtafute mwingine. Hakuna aliyelichukua. Kinyozi alisema kiganja cha mzee hakijawahi kukosea juu ya besi, na masikio mazuri kuliko yote mjini yanajulikana yaliko, yana cheti cha daktari. Watu wote wakamgeukia Mama Cherehani, naye akaona haya kama bi harusi. Alisema atakubali kwa sharti moja, kwamba mzee naye aende kwenye kile kijumba akabonyeze kitufe. Barua ile mwaka huo ilikwenda na sahihi mbili.

Alikwenda. Mkewe alimshika mkono kwenye foleni, si kwa kumsaidia, bali asije akatoroka. Kwenye kijumba alibonyeza kitufe mara chache mno, na daktari hakumsifia kitu. Wiki chache baadaye alipewa kidude cha rangi ya ngozi cha kuweka nyuma ya sikio. Siku mbili za kwanza alikichukia. Karatasi zilipiga kelele, maji ya bomba yalipiga kelele, na aligundua kwamba viatu vyake mwenyewe vinalia kwa miaka asiyoijua. Siku ya tatu mjukuu alipiga simu, na yeye akajibu swali aliloulizwa, si lingine. Mtoto akashtuka, akauliza kama huyo ni babu kweli.

Ijumaa iliyofuata alishuka saa mbili na nusu na kumkuta Mama Cherehani ameshakaa upande wake wa benchi, kitambaa begani, sindano mkononi, anashona vifungo vya sare ili muda usipotee bure. Wakasalimiana. Mzee alikuwa amepanga kwenda kwenye kuta kwanza, kama ada yake. Hakufika.

Tarumbeta lilianza. Lilikuja kupitia mlango wa mbele kila mteja alipoingia, likakatika, likaja tena, wimbo wa taratibu ambao haukuwa na haraka ya kufika popote. Mzee Lifti aliinamisha kichwa upande wa kidude. Kwa miaka mitatu muziki kwake ulikuwa mtetemo wa plasta. Alikuwa amesahau kwamba una kimo, kwamba sauti inaweza kupanda, ikasimama huko juu ikitetemeka, halafu ikashuka ngazi moja moja. Machozi yalimtoka na hakujisumbua kuyafuta. Alifikiria ile miezi sita aliyokaa mbele ya kitu hiki akiandika Sawa, na hakukipata hata tone.

"Ni zuri," alisema.

"Zuri sana," Mama Cherehani alijibu, na akakata uzi kwa meno. "Tangu siku ya kwanza nalijua ni zuri. Sikuwahi kusema ni baya. Nilisema linanizuia kulala."

Mzee alicheka. Walikaa hivyo, yeye anasikiliza, mwenzake anashona, watu wanapita na kuwaamkia. Wimbo ulikwisha, ukaanza mwingine, na huo ulikuwa mtamu kuliko ule wa kwanza. Alitazama saa yake. Zilibaki dakika mbili, na wimbo ulikuwa ndiyo kwanza unachangamka. Alijua kwamba akichelewa kidogo hakuna atakayemlaumu. Mama Cherehani mwenyewe hakuwa anatazama saa, alikuwa anatafuta tundu la kifungo. Bawabu alikuwa anatingisha bega mlangoni. Mtaa mzima ungempa dakika tano, na yeye, Mungu anajua, alizitamani.

Saa tatu kamili mkono wa kulia ukapanda.

Bawabu akaingia ndani. Tarumbeta likamalizia mstari liliokuwa nao, likanyamaza, na nyuma yake yakabaki magitaa ya chini chini. Mama Cherehani akachomeka sindano kwenye kitambaa, akaaga, akavuka barabara. Mzee Lifti akasubiri mpaka taa ya ghorofa ya nne ikawaka, na baada ya muda ikazimika. Kisha akapanda ngazi, akaweka kiganja kwenye kila ukuta, akashuka, akafungua daftari gotini na kuandika lile neno lake la siku zote. Safari hii alikuwa amelisikia kabla ya kuliandika.